Acheni Kusugua Sarafu za Kale

Narudi tena kwenye sarafu za kale, maana bado mnazisugua. Mtu anashuka pwani maji yakishakupwa, au analima karibu na magofu, anaokota kidude cha shaba, kijani, kidogo kama kifungo cha shati. Papo hapo ndimu na mchanga! Mwingine anachukua waya wa kusugulia sufuria.

Kijana mmoja alinionyesha ya kwake. Inang'aa, lakini maandishi yamekwisha. Nikamwuliza kaiokota wapi. Hakumbuki. Sasa hapo kimebaki nini?

Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe. Upande mmoja jina la sultani. Upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, yenye kina kimoja na jina hilo. Mwaka hawakuandika. Umri wa sarafu unausoma ardhini: ilikuwa tabaka gani, pamoja na vigae gani, shanga gani. Ukiichomoa tu, umefuta tarehe.

Kule Great Zimbabwe ilipatikana sarafu ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331. Moja tu! Lakini ilikotoka kunajulikana, ndiyo maana leo ni ushahidi kwamba Kilwa ilifikiana na nchi ya dhahabu. Ingepimwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, tungejua nini?

Sarafu nyingine nyingi za masultani hao zimeonekana hapo hapo Kilwa, Songo Mnara na Mafia. Ndipo tukajua kuwa shaba ile ilikuwa hasa ya soko la nyumbani. Biashara kubwa ya dhahabu na pembe za ndovu ilikwenda kwa nguo na shanga.

Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari za dhahabu za ng'ambo. Dinari zile zilisaidia kujua kuwa hazina hiyo ni ya karne ya 11. Zingegawanywa mfukoni kwa huyu na yule, basi tena.

Nanyi mnaozitoboa tundu mkawauzie watalii vidani, na mnaochimba magofuni usiku: Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya mwaka 1964 inakataza kuchimba bila kibali.

Ukiona sarafu, iache ilipo, kamwite mwenyekiti wa kijiji, naye awaite watu wa Mambo ya Kale. Kama umeshaiokota, usiioshe. Ifunge kwenye karatasi, uandike juu yake mahali ulipoitoa. Leo hii, kabla hujasahau.