MAJINA TULIYOANDIKWA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mgololo)



Mimi si bingwa wa historia. Ni karani kama ninyi, na kazi ya karani ni kuandika majina. Kwa sababu hiyo nimechagua kunena juu ya majina ambayo sheria ilituandika sisi watu weusi.

Hapo kale katika nchi hizi za juu, mtu alikuwa Mhehe, Mbena, Msangu au Mkinga, tena alikuwa wa ukoo fulani na wa mtwa fulani. Weusi wa ngozi haukuwa jina la mtu, maana wote walikuwa nao. Huko pwani nako watu walitengwa kwa uungwana na utumwa, wala utumwa haukukoma kisheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922.

Wadachi walipotawala, sheria yao iligawa watu mafungu mawili: wenyeji na wasio wenyeji. Msidhani ya kuwa mgawanyo ule ulifuata mahali mtu alipozaliwa. Mzungu aliyezaliwa hapa hakuwa mwenyeji. Mwarabu aliyetoka ng'ambo aliwekwa sawa na wenyeji. Mgoa akatolewa katika fungu hilo. Basi neno hilo halikuwa habari ya nchi wala ya damu, bali amri iliyotiwa sahihi. Tena siku zile wataalamu wa Ulaya walikusanya mafuvu ya watu wetu na kuyapima, wapate kupanga daraja za wanadamu. Sisi wa Iringa twaijua habari hiyo. Mtwa Mkwawa alikufa mwaka 1898, na fuvu lililotambuliwa kuwa lake lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, kutoka katika makumbusho ya Bremen.

Waingereza nao hawakuufuta mgawanyo ule. Sheria ya mwaka 1929 iliziweka mahakama za wenyeji mbali na Mahakama Kuu, chini ya maafisa wa utawala. Mwamuzi wa rufani akawa ndiye mtawala. Na katika utumishi wa Serikali mishahara ilifuata rangi. Mwaka 1948 Tume ya Holmes ilishauri ya kuwa mtu asiye Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu katika kazi ile ile, yaani shilingi 60 penye 100. Kalamu ilikuwa moja, wino mmoja, daftari moja. Ngozi ndiyo iliyokatwa shilingi 40.

Lakini wazee wetu wa kalamu hawakukaa kimya. Mwaka ule ule wa 1922 Bwana Martin Kayamba na wenzake waliunda huko Tanga chama cha watumishi wa Serikali. Katika jina la chama hawakujiita wenyeji kama sheria ilivyowaita, walijiita Waafrika. Mwaka 1929 African Association ikaundwa Dar es Salaam, na humo Mhehe, Mzaramo na Mmanyema waliweza kuketi ubao mmoja. Katika chama hicho ndimo ilimotoka TANU mwaka 1954. Weusi uliokuwa alama ya kututenga ukawa alama ya kutukutanisha.

Hapa pana jambo ambalo naona ni kubwa kupita yote. Oktoba 1961 sheria ya uraia ilipojadiliwa, walikuwapo wajumbe waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere alikataa kabisa, akasema Serikali yake iko tayari kujiuzulu. Tena Januari 1964 akatangaza ya kuwa katika utumishi wa Serikali raia wote watahesabiwa sawa, bila kutazama asili yao. Silaha tuliyopigwa nayo tulikuwa tumekwisha kuikamata. Tukaambiwa tusiigeuze, bali tuiweke chini.

Je, tumeiweka? Mimi naungama mbele yenu. Nilipoanza kazi, katika ofisi nisiyoitaja, alifika dirishani mzee mmoja mweupe wa nywele za singa. Alikuwa mzaliwa wa Usangu, wa ukoo wa Mabaluchi waliokaa huko tangu zamani. Sikufungua karatasi zake. Nilimtazama uso, nikamwambia aende dirisha la wageni. Mzee yule hakupaza sauti. Alikisukuma cheti chake cha kuzaliwa mpaka mbele yangu, akasema, "Soma, mwanangu. Si wewe ndiwe uliyesomeshwa?" Nikasoma. Alizaliwa Rujewa, na baba yake alizaliwa Rujewa. Watu wa foleni walikuwa wakinitazama, nikaona haya mpaka leo.

Ndugu zangu, mkataa kwao ni mtumwa, nami sikatai weusi wangu, najivunia. Lakini babu zetu walisomwa ngozi badala ya kusomwa karatasi, nasi twajua uchungu wake. Kesho asubuhi mtafungua madirisha yenu. Atakayefika, someni cheti chake kwanza, kisha mwandikeni kwa jina lake.