Nyumba Tupu na Mtu Asiye na Nyumba

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Chala, Taveta)



Sitasema mengi, maana wengine wenu mmetoka zamu sasa hivi.

Nauliza swali moja. Nyumba iliyofungwa miaka mingi, paa limeng'oka, popo wamehamia, na mwenyewe hajulikani aliko, yamfaa nani? Haimfai mwenyewe, wala jirani, wala Serikali inayodai kodi ya kiwanja. Na papo hapo mfanya kazi hulipia chumba cha kupanga kila mwezi mpaka azeeke, asipate hata tofali moja lake.

Wengi husema, "Zitengenezwe, tuuziwe." Ni maneno mema, lakini hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni hii: nyumba ikisha kutengenezwa, nani atazuia isinunuliwe na tajiri wa mbali?

Jirani zetu wa Voi walilitambua jambo hilo. Mtaa wa Tanzania-Bondeni ulikuwa juu ya ardhi isiyokuwa ya wakaaji: sehemu ya Reli, sehemu ya shamba la mkonge, sehemu ya Serikali. Nyumba zilikuwa zaidi ya 500, nyingi za fito na udongo. Nani angethubutu kutia saruji mahali anapoweza kuondolewa siku yo yote? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wizara ya Serikali za Mitaa, ikisaidiwa na shirika la Wajerumani la GTZ, ilikuja kuutengeneza mtaa. Wakaaji wakaulizwa: Mwataka kila mtu apewe hati yake? Wakajadiliana, wakaona hatari. Mwenye shida huuza hati kwa bei ya kutupa, kisha hurudi kujenga kibanda kwingine.

Basi wakachagua njia mpya katika Kenya. Ardhi iwe ya wote, chini ya wadhamini. Nyumba iwe ya mtu mwenyewe. Aweza kuijenga, kuirithisha, hata kuiuza. Lakini ardhi iliyo chini yake haiuzwi.

Siwafichi, haikuwa rahisi. Sheria haikuzoea jambo hili, na hati zilichelewa miaka mingi. Anayetaka njia hii awe na subira, na wakili mwaminifu.

Jambo hili limefanyika hata Marekani. Katika mji wa Boston, mtaa wa Dudley Street ulijaa viwanja vitupu vilivyotupwa takataka, baada ya nyumba kuungua na wenyewe kuzikimbia. Wakaaji waliunda chama mwaka 1984. Mwaka 1988 wakapewa na mji uwezo wa kuvitwaa viwanja hivyo kwa kulipa fidia. Nyumba zilizojengwa huuzwa kwa watu wa kipato kidogo, na bei ya kuuza tena ina mpaka.

Tupige hesabu, kwa mfano tu. Nyumba na kiwanja ni shilingi 1,000,000, na katika hizo kiwanja ni 400,000. Ardhi ikibaki ya chama, mnunuzi atafuta 600,000. Na mwanawe atakayenunua baadaye hatalipa faida ya mlanguzi.

Tufanye nini hapa? Kwanza, kila nyumba tupu itafutwe mwenyewe kwa upekuzi katika ofisi ya ardhi, na Kaunti iulizwe deni la kodi. Mwenye kudaiwa sana huenda akakubali kuuza. Tusivunje kufuli ya mtu. Pili, tuunde chama cha ushirika wa nyumba. Tangu 1979 kuna muungano wa vyama hivyo, NACHU. Tatu, kabla ya kununua hata mlango mmoja, katiba iseme wazi kwamba ardhi haiuzwi.

Ndugu zangu, kwa sheria ya nyumba ya mwaka 2024 mfanya kazi hukatwa shilingi moja na nusu katika kila mia ya mshahara, na tajiri wake hutoa kiasi hicho hicho. Fedha hiyo ni jasho lenu. Basi tunayo haki ya kuuliza: nyumba zitakazojengwa au kutengenezwa zitakuwa za nani baada ya miaka ishirini?

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai. Tuzibe tundu kwanza.