Kipimo na Nishani: Ngazi za Ushindani katika Michezo ya Mkakati ya Mtandaoni

Mchezo wa mkakati unaochezwa kupitia intaneti hukutanisha watu wasiojuana, na swali la kwanza ambalo mfumo wake hauna budi kulijibu ni nani apambane na nani. Mhadhara huu unachunguza jibu la StarCraft II, mchezo wa kompyuta uliotolewa Julai 2010 na kampuni ya Blizzard ya Marekani, na unatetea hoja kwamba ngazi ya ushindani, yaani utaratibu wa kuwapanga wachezaji kwa uwezo wao, hustahili kuaminiwa pale tu mchezaji anapokiona kipimo anachopimiwa.

Msingi wa kipimo hicho uliwekwa na Arpad Elo, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Marquette, ambaye mbinu yake ilikubaliwa na shirikisho la sataranji la Marekani mwaka 1960 na lile la dunia mwaka 1970. Katika mbinu hiyo, tofauti ya alama kati ya wapinzani wawili huonyesha matokeo yanayotarajiwa, kiasi kwamba anayemzidi mwenzake kwa alama 200 hutarajiwa kuvuna takriban asilimia 76 ya pointi. Na kwa kuwa alama hurekebishwa kwa kulinganisha matokeo na matarajio, kumshinda aliye bora hulipa zaidi kuliko kumshinda dhaifu. Kutokana na hayo, mchezaji aliyepangiwa wapinzani wa kiwango chake atashindwa karibu nusu ya michezo yake, na kushindwa huko ni dalili kwamba kipimo kinafanya kazi.

Waundaji wa StarCraft II walikijengea kipimo hicho pazia. Baada ya michezo mitano ya majaribio, mchezaji aliingizwa katika moja ya ligi tano, kuanzia Shaba hadi Almasi, na katika kundi la watu wapatao 100. Pointi alizoziona ziliongezewa akiba ya ziada, iliyokua hata alipokuwa amepumzika na kulipwa kila aliposhinda, ilhali wapinzani wake walichaguliwa kwa alama nyingine iliyofichwa. Mwaka 2011 ziliongezwa ligi mbili, ya juu kabisa ikiwa na nafasi 200 tu kwa kila kanda ya dunia.

Pazia hilo lilikuwa na sababu, kwa maana katika pambano la mmoja kwa mmoja hakuna mwenzi wa kugawana naye lawama, na wachezaji wengi waliingiwa na hofu ya kuanza mchezo wasije wakashuka. Hata hivyo, faraja hiyo ilikuwa na gharama, kwani mtu aliweza kupanda katika kundi lake bila kuongeza ustadi, au kuimarika bila kupata ushahidi wa juhudi zake. Julai 2016 alama iliyofichwa iliwekwa wazi, na ligi zilizo chini ya ile ya juu kabisa zikagawanywa katika madaraja matatu.

Uzito wa kipimo hicho ulithibitika mwaka 2019, AlphaStar, programu ya DeepMind ya London, ilipofikia ligi ya juu kabisa na kuwapita asilimia 99.8 ya wachezaji waliopangwa viwango, kwani wanasayansi waliweza kueleza uwezo wake kwa kutumia ngazi ileile inayompima mwanagenzi. Nishani ya ligi ina haki ya kumtia moyo mchezaji, lakini haina haki ya kumficha ukweli wa kiwango chake, maana anayefahamu alipo ndiye awezaye kupanga namna ya kusonga mbele.