Mshahara wa Mtu Mmoja

Napenda kunena nanyi habari ya Mombasa katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, na hasa habari ya hesabu moja ya mshahara, iliyokuwa fupi kuandikwa na ndefu kuvumiliwa.

Katika koloni ya Kenya wakati ule, mshahara wa chini wa kazi za mjini ulikadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na mke wala mtoto. Wakubwa walidhani kwamba mke yuko shambani analima, na mavuno yake yatawalisha watoto. Mume naye atafanya kazi miezi kadha wa kadha, kisha atarudi kwao. Kwa hiyo mtu alifikiriwa mahali pa kulala, wala si nyumba. Mwanamke yule, kwa jembe lake, alimchangia tajiri sehemu ya mshahara, naye hakuulizwa.

Lakini watu hawakukaa kama walivyohesabiwa. Wengi walidumu Mombasa mwaka baada ya mwaka, wakaoa, wakazaa. Vita ikapandisha bei ya chakula na nguo. Mwaka 1945 kamati ya Arthur Phillips ilichunguza sababu za manung'uniko, ikaonya kwamba mjini wamekwisha kutokea watu wa namna mpya, ambao riziki yao ni mshahara tu. Onyo likaandikwa vizuri. Hesabu ikabaki ile ile.

Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi: makuli wa bandarini, watu wa reli, hata watumishi wa majumbani na mahotelini. Walikutana katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, na jina hilo lasema zaidi ya taarifa nyingi. Mgomo ulidumu siku zipatazo 12. Baadaye Jaji Thacker aliyasikiliza madai, na mishahara ya wengi ikaongezwa. Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wa chama chao, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka uo huo, akahamishiwa Baringo, mbali na bahari.

Mwaka 1954 ndipo kamati ya Carpenter ilipotamka wazi kwamba mshahara yapasa umtoshe mtu pamoja na jamaa yake. Hata hivyo haikutaka jambo hilo litendeke mara moja. Ilitoa muda wa miaka kumi.

Sisi walimu tumezoea kupima miaka kwa watoto. Mtoto aliyezaliwa Mombasa mwezi wa mgomo alikuwa na umri wa miaka saba siku kamati ilipokiri kwamba yuko. Baba yake alipaswa kuupata mshahara wa kumlisha wakati mtoto huyo amefika miaka 17, naye kwa umri huo huenda yu bandarini mwenyewe, akitafuta kazi.