Mcheza Kwao Hutunzwa: Mchezaji wa Pool na Mdhamini Wake

Mazungumzo ya Afisa Utamaduni na Michezo kwa wachezaji wa pool, wazazi na wafanyabiashara, katika ukumbi wa ofisi ya kata



Nimeombwa nizungumzie namna mchezaji wa pool anavyoweza kujijengea sifa ya weledi na kupata wadhamini. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hata hivyo, sote tulioketi hapa tunajua kwamba anayecheza pool kwao, mara nyingi husutwa badala ya kutunzwa. Meza zetu nyingi ziko kwenye baa na vijiwe, na mzazi anaposikia mipira ikigongana asubuhi huwaza utoro, ulevi na dau. Mwaka 2016 viongozi wa Serikali walikemea hadharani vijana kushinda kwenye meza za pool saa za kazi, na kemeo lile bado limo masikioni mwa watu. Kwa hiyo mchezaji wa pool huanza safari akiwa na deni: kabla ya kuonyesha kwamba ni hodari, hana budi kuonyesha kwamba ni mtu wa kuaminika.

Nami niliwahi kulibeba deni hilo, na nilishindwa kulilipa. Enzi zangu za kucheza, klabu yetu ilipata mdhamini, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alitununulia fulana nane zenye jina la duka lake, akatulipia nauli ya mashindano ya mkoa. Tulifika nusu fainali. Tuliporudi, hakuna aliyekwenda kumshukuru, na hesabu ya nauli hatukuiandika popote. Majuma mawili baadaye, mwenzetu mmoja aliivaa fulana ile usiku wa manane katika ugomvi wa dau. Kulipokucha, kijiji kizima kilikuwa kikilitaja duka lile pamoja na ugomvi ule. Mwaka uliofuata tulipobisha hodi, mzee alitukaribisha chai, kisha akasema: "Wanangu, mchezo wenu naupenda, lakini jina langu nalipenda zaidi." Hatukwenda mashindanoni. Wawili kati yetu, hodari kuliko mimi, waliuacha mchezo mwaka uleule.

Ndugu wachezaji, mdhamini hatoi sadaka. Anakukabidhi jina lake utembee nalo, na anachotazama ni mahali utakapolifikisha.

Liko funzo kutoka Marekani. Willie Mosconi, aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1913, alikuwa mtoto wa mwenye ukumbi wa mchezo huu. Baba yake alimkataza kucheza, naye akajifunza kwa siri, akigonga viazi vya jikoni kwa mpini wa ufagio. Kati ya mwaka 1941 na 1957 alitwaa ubingwa wa dunia mara 15, na mwaka 1954, huko Springfield, Ohio, aliingiza mipira 526 mfululizo bila kukosa. Kwao pia mchezo huu ulihusishwa na kamari na ulaghai. Mosconi alikuja mezani na suti na tai, akakataa kuitwa mcheza kamari, na kampuni ya Brunswick, watengenezaji wa meza, ikamlipa azunguke miji akiuonyesha mchezo. Uhodari aliokuwa nao ulikuwa mkubwa, lakini kampuni ilihitaji pia mtu ambaye familia ingekubali kumtazama.

Sisi tutafanyaje? Kwanza, tuachane na dau. Kuendesha kamari bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na hakuna mfanyabiashara makini atakayeweka jina lake karibu na kosa. Tupange saa za mazoezi baada ya kazi, tuzibandike ukutani, na tuziheshimu.

Pili, tuwe na daftari. Liandikwe tarehe ya kila shindano, mpinzani na matokeo, hata tulipofungwa. Ukurasa mmoja wa rekodi ya kweli una uzito kuliko maneno ya mdomoni kwamba fulani ni moto. Picha zetu za mitandaoni nazo ni sehemu ya daftari hilo. Mdhamini atazitazama kabla ya kukujibu.

Tatu, barua ya maombi iwe fupi na yenye hesabu. Taja shindano, idadi ya wachezaji, nauli, malazi na chakula, kisha eleza mdhamini atapata nini: jina lake kwenye fulana, tangazo ukumbini, au siku moja ya kuwafundisha vijana mbele ya duka lake.

Nne, na hapa ndipo sisi tulipoanguka: rudisha taarifa. Ndani ya juma moja baada ya shindano, mpelekee mdhamini matokeo, picha, risiti na shukrani. Ukifungwa, nenda vilevile. Aliyerudi na habari mbaya huaminiwa kuliko aliyejificha.

Msisubiri kampuni kubwa pekee. Ni kweli kwamba Kampuni ya Bia Tanzania, kupitia Safari Lager, ilidhamini mashindano ya taifa ya pool kwa miaka kadhaa. Lakini wa kwanza kukujua ni fundi cherehani, mwenye basi dogo, mama mwenye mgahawa. Fulana nne au nauli ya kwenda tu ni udhamini, ukitunzwa utazaa mwingine.

Klabu inayotaka kusajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967 ifike kwanza ofisini kwetu, tuisaidie kuandaa katiba na maombi. Mdhamini hukabidhi fedha kwa moyo mweupe zaidi pale penye katiba, mweka hazina na akaunti.

Wazazi na wafanyabiashara, nanyi nawaomba: msiwahukumu vijana hawa kwa makosa yetu ya zamani. Njooni mwatazame mazoezini, mwaulize maswali magumu. Mzee yule wa duka sikupata kumwomba radhi. Ninyi bado mnayo nafasi ya kumpa mwingine kama yeye sababu ya kujivunia jina lake mgongoni mwenu.