Kuona haya hakuui kipaji

Maneno ya vijana wa kikundi cha michezo ya kuigiza mbele ya familia zilizohama, wenyeji na viongozi wa Bweremana

 

Mmezoea kutuona tukiwa watu wengine: mlevi, mwenye shamba, mama mkwe. Leo tumekuja kama sisi wenyewe. Tunataka kuwaambia jambo msiloliona mnapotutazama: sote tulianza kwa kuona haya.

Siku ya kwanza ya mazoezi tulikaa kwa duara. Kila mmoja aliombwa aseme jina lake na kijiji alikotoka. Mmoja wetu alitazama chini, akasema kwa sauti ambayo hata jirani yake hakuisikia. Mwingine alicheka bila sababu. Wa tatu, msichana, alitoka nje na hakurudi mpaka juma lililofuata.

Baadaye tulielewa. Yule aliyetazama chini alikimbia kutoka milimani. Kila alipofungua mdomo, matamshi yake yalionyesha anatoka wapi, na watu walianza kuuliza ni wa kabila gani. Alijifunza kunyamaza ili awe salama. Yule msichana alikuwa na nguo moja tu, ile aliyokimbia nayo, akaogopa macho ya watu. Na sisi wenyeji wa hapa kando ya Ziwa Kivu tuliogopa kuchekwa na rafiki zetu. Kwa hiyo, mzazi, ukiona mtoto wako amenyamaza, usiseme haraka kwamba ndivyo alivyozaliwa. Pengine vita vimemfundisha kunyamaza.

Tulitokaje hapo? Kidogo kidogo. Hatukuanza na maneno. Tulianza na mwili: kusukuma chukudu isiyoonekana, kupanga foleni ya maji bila kusema. Kisha tuliimba pamoja, mahali ambapo hakuna sauti inayosikika peke yake. Kisha wawili wawili. Kisha mbele ya watu watano, kumi, na mwisho sokoni. Anayeona haya hasukumwi katikati ya watu. Anapewa hatua ndogo, na akiikosa, anairudia bila kuchekwa.

Yule kijana wa milimani tulimpa nafasi ya msaidizi wa lori anayeita abiria: Minova! Sake! Goma! Alipaza sauti kwa matamshi yake yale yale, na soko zima likacheka pamoja naye. Siku hiyo hakuna aliyemuuliza kabila.

Mchezo wetu mnaujua. Tunaonyesha ugomvi, kwa mfano wa shamba, halafu tunasimama kabla ya mwisho na kuuliza: nani angefanya tofauti? Aje achukue nafasi yetu. Njia hii ilienezwa na Augusto Boal wa Brazil, aliyefariki mwaka 2009. Naye alijua maisha ya kufukuzwa kwao: mwaka 1971 alikamatwa na kuteswa na serikali ya kijeshi, kisha akaenda uhamishoni. Mwaka 1973, akiwa Peru, mama mmoja kati ya watazamaji alikasirika kwa sababu waigizaji hawakuelewa shauri lake. Boal akamwambia apande mwenyewe aonyeshe. Boal alisimulia kwamba hapo ndipo alipoona nguvu ya mtazamaji anayeigiza. Nasi tunaiona hapa: mara nyingi anayeinuka kwanza ni mama aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, ambaye kwenye mkutano hajawahi kuombwa aseme.

Wengine wamefika mbali. James Earl Jones wa Marekani, aliyefariki mwaka 2024, alikuwa na kigugumizi, akakaa miaka mingi ya utoto karibu bila kusema. Mwalimu wake alimfanya asome mashairi kwa sauti mbele ya wenzake. Sauti hiyo ndiyo iliyokuja kuwa ya Mufasa katika filamu The Lion King ya mwaka 1994. Na hapa Kongo, Rachel Mwanza alikuwa mtoto wa barabarani Kinshasa. Mwaka 2012 alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike huko Berlin kwa filamu Rebelle.

Hatutawadanganya. Hapa kwetu ni wachache wanaoishi kwa kuigiza tu. Tunalima, tunauza sambaza, tunabeba mizigo. Lakini kazi zipo: michezo ya redio, michezo ya mashirika kuhusu amani na afya, na filamu. Kule Goma kituo cha Yolé!Africa kimefundisha vijana wengi sinema. Na hata asiyepata mshahara hapotezi: aliyejifunza kusema mbele ya watu ataweza kujitetea mbele ya chefu na mbele ya muajiri.

Wazee mtusamehe, lakini ninyi ndio mliotufundisha kwamba mficha uchi hazai.

Tunaomba mambo matatu. Viongozi, mtupe mahali pa kufanyia mazoezi, na mkubali kutazama hata mchezo unaomgusa kiongozi. Familia zilizohama na familia za wenyeji, mwaache watoto wenu waigize pamoja. Ni vigumu kumchukia mtu mliyefanya naye mazoezi ya mchezo mmoja.

La tatu ni kwa wazazi wa wasichana. Yule msichana wa nguo moja alirudi, akaigiza vizuri kuliko sisi sote. Halafu watu wakasema amepoteza haya, na nyumbani wakamzuia. Tunajua haya ni heshima, nasi tunaitaka. Alichopoteza yeye ni woga. Mazoezi yetu yanaisha kabla ya giza, na mama mmoja wa hapa anakaa nasi mpaka mwisho. Njoni mtazame wenyewe kabla ya kuamua.

Nafasi yake hatujampa mtu mwingine. Tunamngoja.