Semina Iingie Darasani



Mwaka 1998 Makueni ilikuwa miongoni mwa wilaya tisa zilizoanza mradi wa SMASSE, wa Kenya na Japani, wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi wa shule za upili. Mwalimu alifunzwa kupanga somo, kulifundisha, kujitathmini, kisha kuliboresha. Vifaa vikikosekana, alibuni vyake kwa vitu vya karibu.

Chini ya Katiba ya 2010, chekechea ni jukumu la kaunti, na walimu wa msingi na upili wako chini ya TSC. Mtoto, hata hivyo, ni yule yule.

Siku hizi mwalimu hutoka semina na faili nzuri, ikaishia kabatini. (Hata mimi ninazo.) Mwalimu mkuu, wiki hiyo hiyo mpe nusu saa awaonyeshe wenzake alichojifunza. Kisha keti nyuma ya darasa umtazame akikijaribu, bila kalamu ya ukaguzi. Akikosea, mpangeni somo upya pamoja.

Nawe mzazi, mtoto akirudi na vizibo vya soda mfukoni, usidhani ameshinda akicheza. Muulize amehesabu vingapi.